Lafudhi Iliyotangulia Nyumbani

Haya, kaa vizuri nikutegee. Nimezaliwa nacho, nakitumia kutwa, na mwenyewe sijakisikia hata siku moja. Wewe ukipita tu dirishani umeshakisikia, na umeshajua kwetu ni wapi. Usinipe mji, sina pa kuuweka. Jibu ni namna ninavyosema. Wenye ofisi zao wanaiita lafudhi.

Sasa, palikuwa na mwanamke mmoja aliyepokea simu katika kampuni ya maji. Alikaa ghorofa ya pili, dawati la tatu kutoka dirishani, hedifoni kichwani, kikombe cha chai kimefunikwa kwa kisahani ili vumbi la karatasi lisiingie. Mtu akipiga kusema bomba lake limekauka, au maji yanatoka na rangi ya kutu, ni yeye aliyempa pole, akaandika mtaa na alama za njia, akamtuma fundi. Kazi aliijua. Mafundi wenyewe walisema karatasi zake ndizo zisizowapoteza.

Shida ilikuwa kwao alikozaliwa, ng'ambo ya daraja. Huko kuna kiwanda cha kupasua mbao, na msumeno wake unalia tangu enzi za mababu, kwa hiyo watu wamezoea kuvuta mwisho wa kila neno na kulipandisha kidogo, lipite juu ya msumeno likamfikie msikilizaji. Hata Jumapili msumeno ukizimwa wanasema hivyo hivyo. Upande huu wa daraja watu wakiwasikia hutabasamu. Walimpigia simu yule mwanamke, akawajibu, nao wakamuuliza: dada, unanijibu au unaniimbia?

Malalamiko yakafika kwa msimamizi, naye akaleta fomu wajaze wote. Swali la nne lilisema: Eleza kwa maneno yako namna unavyozungumza. Ukumbi mzima uliandika jibu moja bila mtu kuangalizia kwa mwenzake: Nazungumza kawaida. Msimamizi akazisoma zote. Waliozaliwa upande huu aliwawekea alama ya vyema. Waliobaki aliwapigia mstari mwekundu chini ya neno la mwisho, akawapeleka chumba cha mwisho wa korido, kwa mwalimu wa matamshi.

Jioni ile mwanamke alimweleza mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani, miaka thelathini ya sare za shule, mpaka macho yakaacha kuona. Siku hizi mafundi wenzake walimletea vifungo vilivyochanganyika, naye alivichambua kwa vidole, vya matundu mawili kopo hili, vya matundu manne kopo lile. Aliposikia habari ya fomu alicheka mpaka kifua kikambana.

"Sisi tunasema kama watu," alisema. "Wao ndio wanaosema kama wamebana pini kwa meno. Na mimi nimebana pini kwa meno miaka thelathini, mbona nilisikika?"

Mwalimu wa matamshi alikuwa mpole, mwenye leso safi na sauti isiyotoka kokote. Siku tano alimsomesha kadi moja tu: samahani kwa usumbufu, ombi lako limepokelewa. Siku ya sita, saa nne na dakika chache, mwanamke alikohoa mara mbili na lafudhi yake ikatoka. Haikuwa na umbo. Kiti cha pembeni kilibonyea kidogo, kama kimekaliwa na mtu mwembamba. Ikamshukuru mwalimu kwa kuvuta mwisho wa neno, ikashuka ngazi. Getini mlinzi aliiuliza inakwenda wapi, ikamwambia nyumbani, akaandika kwenye daftari lake: Mmoja, ametoka, saa nne na robo.

Mwanamke alirudi dawatini. Simu ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja mkali, na baada ya kuhudumiwa mzee akasema ahsante, kitu ambacho hakuwahi kukisema. Jirani yake wa dawati la pili, mtu wa milimani, alimwambia asijali, huzoeleka. Ya kwake ilitoka wiki iliyopita, ikapanda gari ikarudi milimani. "Juzi wamegawana shamba la baba," alisema, "yenyewe ikakaa kwenye kiti changu. Nasikia ilinisemea vizuri kuliko ninavyojisemea." Kisha simu yake ikalia, akaipokea.

Alipovuka daraja jioni, jirani fundi viatu hakuinua kichwa. Alimwambia, karibu mgeni, mwenye nyumba yupo, na binti yake ametangulia kitambo.

Akabisha hodi kwao. Mama akauliza nani. Akasema ni mimi, mama.

"Mimi nani?" mama aliuliza kwa upole. "Binti yangu yuko jikoni, anaosha vyombo."

Na kweli jikoni kulikuwa na sauti. Ilikuwa ikisimulia mambo ya kazini, mwalimu na leso yake, mlinzi na daftari lake, ikivuta mwisho wa kila neno, na mama akichekea kwenye mto. Vyombo vilikuwa vimekaa vilevile vichafu, maana lafudhi haina mikono. Mwanamke akapita, akakunja mikono ya blauzi, akaviosha. Lafudhi iliendelea kuongea kandokando ya bega lake. Vilipokwisha akarudi sebuleni, akakaa kwenye kiti cha wageni, na mama akamwomba radhi kwamba chai leo haina maziwa.

Alijaribu kila njia, usidhani hakujaribu. Alimpa mama uso aupapase. Mama akapapasa paji, pua, shavu, akasema amefanana mno na binti yake, lakini nyuso hufanana, watu ni wengi. Akampa kidole chenye kovu la sindano. Mama akasema kila aliyekulia chini ya meza ya cherehani ana kovu hilo. Akamkumbusha siku waliyoshonea gauni la harusi ya jirani mikono miwili ya kushoto. Mama akageuzia kichwa jikoni, akaiuliza sauti, hivi na hiyo ulimhadithia mgeni? Sauti ikajibu ndiyo.

Basi alikwenda kwa mwalimu kuomba arudishiwe. Mwalimu alimwambia kwa huruma kwamba yeye hakai na mali ya mtu, kila inayotoka huondoka kwa hiari yake. Na kwamba ikirudi, dawati la tatu litapata mtu mwingine. Dawa ya kifua ya mama ilitoka kwenye mshahara wa dawati hilo. Mwalimu alilijua hilo pia, akamfungulia mlango.

Siku hiyo akaongea na lafudhi yenyewe, jikoni, kwa kunong'ona, huku mama akichambua vifungo. Akaiambia irudi. Ikamuuliza, kwa sauti aliyokuwa nayo yeye tangu utotoni: "Nirudi wapi? Asubuhi si utanitoa tena?" Ikamwambia asikasirike, hapa inaitwa mwanangu mara nyingi kwa siku na bado haijachoka kuitika.

Ndipo alipofanya kosa. Njia nzima kutoka kazini alijizoeza, kwa sauti ya chini, kusema kama alivyokuwa akisema. Alivuta mwisho, akaupandisha. Mbele ya fundi viatu alijaribu salamu, fundi akamtazama tu. Alipoingia ndani akapiga magoti mbele ya mama, akasema kwa ile namna ya kwao: mama, ni mimi, nimerudi.

Vidole vya mama vikasimama juu ya vifungo.

"Mgeni," alisema, "nimekukaribisha, umekunywa chai yangu. Usinikejeli. Watu wa upande wenu mnapenda kutuiga, najua, mnachekeshana sana. Lakini si ndani ya nyumba yangu."

Mwanamke aliomba radhi kwa sauti ya kampuni, ile yenye usumbufu na ombi lililopokelewa, na mama aliielewa vizuri sana, akamsamehe. Kisha akamsikia anavuta kamasi. Mama si mtu wa kuacha mtu alie. Akamwekea mkono kichwani, akamuuliza kama wanavyouliza wanawake wazima wote wanapoona mtoto wa mwenzao nyumbani kwao kila jioni.

"Mama yako anajua uko wapi?"

Mwanamke aliinuka, akasema chai itafurika. Chai haikuwa jikoni siku hiyo.

Hapo ndipo maisha yao yalipotulia. Asubuhi alikwenda kazini, jioni alikuja kwao kama mgeni, akabisha hodi, akasubiri karibu. Alifagia, alipika, alifua mashuka, lafudhi ilizungumza. Wakati wa dawa yeye alishika kijiko, na lafudhi ikasema fungua mdomo, mama. Mama alimsifia binti yake kwa mgeni. Alisema ana mikono myepesi, kijiko chake hakigongi jino. Mgeni akasema ndiyo, inaonekana. Usiku alilala sebuleni, kwa vile mama alisema daraja si salama saa hizo na mgeni ni mtu.

Kazini walibandika picha yake kwenye ngazi, mpokeaji bora, na sauti yake ikarekodiwa ili imjibu kila anayepiga laini zote zikiwa na shughuli. Wafanyakazi wapya kumi na mmoja waliajiriwa mwezi huo, saba wakitokea ng'ambo ya daraja. Walipewa fomu ileile, na kwenye swali la nne wote wakaandika walichoandika wenzao. Mlinzi alinunua daftari jingine, maana la kwanza lilijaa.

Kifua cha mama kilikaza siku za baridi. Daktari wa zahanati alikuja, akamsikiliza mgongoni, akazungumza na sauti iliyokuwa upande wa ukutani, akaiambia iwe karibu. Mgeni alimshikia mwavuli mpaka barabarani.

Jumapili moja, saa nane mchana, msumeno ukiwa umezimwa na mtaa mzima umetulia, mama aliomba ainuliwe kidogo. Mgeni akamweka mto mgongoni. Lafudhi ilikuwa upande wa pili wa kitanda, na mama aliigeukia. Aliiambia mambo ambayo mama humwambia binti yake wa pekee: kwamba asiuze cherehani, kwamba asikubali kuonewa na mtu, kwamba alikuwa mtoto mwema na hakumchosha hata siku alipomchosha. Lafudhi ilisema ndiyo mama, ndiyo mama, ikivuta mwisho. Mgeni alikuwa akimsugua miguu kwa mafuta, miguu ilikuwa baridi.

Baadaye mama akatafuta kwa mkono upande wa mgeni, akaupata mkono wake wenye mafuta.

"Na wewe," alisema. Pumzi yake ilikuwa fupi, ikabidi akate maneno. "Umekaa kwangu. Umenitunza. Sikukuuliza tena swali lile kwa sababu niliona linakuuma. Lakini na mimi ni mzazi. Huko aliko wako, huenda anakaa anasikiliza mlango."

Mgeni alitazama ule upande wa ukutani, ambako shuka lilikuwa limebonyea kidogo, kisha akamtazama mama. Alijua kwamba akisema kweli, kwamba binti ni yeye, kwa sauti aliyobaki nayo, mama ataondoka akidhani amekejeliwa tena.

"Mama yako, mwanangu. Anajua uko wapi?"

"Hajui, mama," alisema.