Kanuni ya Kumi na Nne ya Ukoo wa Ormsgarth

Jumanne, saa kumi na nusu alasiri, Wilf Ormsgarth alikuwa ameshaandaa meza: sahani mbili, mkate, siagi, na kipande cha jibini ambacho yeye peke yake angekila wiki mbili. Mlango wa nyuma aliuacha bila komeo. Barua ya maabara ilikuwa imefika asubuhi, nayo ilikaa pale kando ya birika haijafunguliwa. Hakuona haraka. Barua arobaini na moja zilizotangulia, katika nyumba arobaini na moja za bonde lile, zote zilisema neno moja, na kila nyumba ilipopata barua yake, jioni yake ilimpata mgeni yuleyule.

Mgeni huyo alikuwa Orm, mzee aliyekufa karibu miaka mia saba iliyopita. Chama cha Ukoo kilikuwa kimeamua kupima vinasaba, kila mwanamume mwenye jina la Ormsgarth ateme mate kwenye kichupa akipeleke posta. Majibu yakitoka, baba wa kwanza wa damu hiyo huja kuwaona wanawe. Orm aliingia bila hodi, akakaa karibu na moto na kofia yake ya sufu, akala jibini lote, akalala kitini, na asubuhi akawa ameshaondoka. Kina mama walilalamika kwamba ananuka kondoo aliyelowa na kwamba hapangusi miguu. Zaidi ya hapo hawakuwa na neno naye.

Mlango ulipofunguliwa, aliyeingia alipangusa miguu, wa kulia kisha wa kushoto. Alikuwa mtu mweusi wa makamo, amevaa koti la buluu lenye vifungo vya shaba na soksi nyeupe zilizojaa tope mpaka magotini.

“Wewe si Orm,” Wilf akasema.

“Mimi Titus. Babu yako, ukirudi nyuma vizazi saba.” Lafudhi yake ilikuwa ya bondeni kabisa, nzito kuliko hata ya Wilf. “Hilo jibini ni la kuliwa, au mmeliweka tulitazame?”

Wilf akamkatia. Kisha akaifungua barua, akaisoma mara mbili. Ilisema vilevile, kwa maneno marefu zaidi: damu ya upande wa baba imetoka Afrika ya Magharibi, na haifanani na ya Ormsgarth mwingine yeyote aliyepimwa.

“Kumbe,” akasema, akamimina chai.

Alikuwa na miaka sabini na minne, na kwa miaka ishirini na tisa alikuwa katibu wa Chama. Alijua kila Ormsgarth aliyebatizwa, aliyeoa na aliyezikwa. Titus mwenyewe alimjua kwenye daftari la kanisa, mstari mmoja tu, lakini wino ulikuwa umefifia akadhani ni binamu fulani wa mbali. Kwa hiyo habari ya Afrika aliipokea kama mtu anayeambiwa kuwa basi limebadilisha njia. Kikombe cha pili alikiweka chini kikiwa nusu, alipomkumbuka Doreen.

Mkewe Doreen alikuwa amezikwa miaka miwili nyuma katika safu ya akina Ormsgarth, ndani ya ukuta wa kanisa dogo ambalo ni mali ya Chama. Jiwe lake lilichongwa nusu ya juu tu. Nusu ya chini iliachwa tupu kwa ajili ya Wilf. Doreen hakuipenda safu ile. Alikuwa mtoto wa mwokaji kutoka ng’ambo ya mlima, na siku zake za mwisho alimwambia mumewe, “Usiniache peke yangu na hao ndugu zako, Wilf. Watanichosha.” Wilf akamwahidi kwamba hatakawia.

Baada ya mazishi yake safu ilikuwa imebakiwa na nafasi tatu, na watu wenye jina lile walikuwa wakiandika kutoka Kanada na Australia wakizitaka. Ndipo Wilf, mtu wa utaratibu, alipopendekeza Kanuni ya Kumi na Nne: atakayezikwa katika safu ni mwenye jina na damu ya Orm, kwa ushahidi wa maabara, au mke wa mwenye jina. Aliiandika mwenyewe kwa wiki tatu, akaziba kila mwanya. Wenzake walimpigia makofi.

“Wewe umezikwa wapi?” Wilf akamuuliza mgeni.

“Nje ya ukuta, upande wa kaskazini, penye majani yale yanayowasha. Hannah wangu yuko ndani, maana yeye alikuwa mwenyeji.”

Akaeleza kwa ufupi, huku akipaka siagi kwenye mkate. Bwana Ormsgarth wa nyumba kubwa alimleta kutoka Barbados akiwa na umri wa miaka tisa, akamvika koti la buluu ashike sinia wakati wa chai. Alimpeleka kanisani, akampa jina lake, kama mfugaji anavyompaka kondoo wake rangi nyekundu mgongoni asipotee. Titus alipokua alimwoa Hannah, mfuma sufu, wakazaa watoto sita, na kwa mmoja wa hao sita, mwana baada ya mwana, ndipo alipotokea Wilf.

“Jina nilikuwa nalo kabla ya hilo,” Titus akasema.

Wilf alikuwa anatafuta kijiko. Hakuuliza jina lipi.

Titus hakuondoka asubuhi kama Orm, na Jumamosi saa nane mchana walikwenda wote wawili kwenye mkutano wa mwaka, katika ukumbi wa kanisa. Orm alikuwa ameshafika, amejibana karibu na hita. Beryl, dada wa mwenyekiti, alimtazama Titus akamuuliza sukari vijiko vingapi, akamletea chai na kipande cha keki ya tangawizi. Watu walisogeza viti wampishe. Hakuna aliyemkodolea macho. Huku kwetu kukodoa macho ni kukosa adabu, na ukiwaletea watu msiba watakuletea keki, basi, hapo ndipo mwisho wa shughuli.

Mwenyekiti Desmond alikuwa amepata nakala ya majibu yote.

“Wilf, ndugu yangu,” akaanza. “Samahani. Hata sijui sasa nikuiteje.”

“Niite Wilf.”

“Haya, Wilf. Una jambo?”

Wilf akasimama. Karatasi aliyokuwa ameandika hotuba aliikunja akaiweka mfukoni. “Nililala na Doreen kitanda kimoja miaka arobaini na sita,” akasema. “Nilimwahidi. Sitaki kulala kwingine. Naomba Kanuni ya Kumi na Nne isinihusu mimi, mara hii moja.”

Mtu fulani alikuwa akikoroga chai, akaacha.

“Lakini damu ndiyo ukoo, Wilf,” akasema Desmond. “Ukoo hauanzii kwenye karatasi. Huyu hapa mzee wetu atatuambia. Mzee Orm, jina letu lilianzaje?”

Orm akafungua jicho moja. “Jina gani? Mimi ni Orm. Nilikuwa na ua la kondoo, garth kwa lugha yetu. Wajukuu wangu wanne walikuwa akina John wote, karani wa kodi akachoka kuwatofautisha na akina John wengine, akawaandika kwa ua langu. Mimi mwenyewe sijawahi kuitwa Ormsgarth siku hata moja.”

“Kwa hiyo, mzee, kwa kanuni hii hata wewe huingii kwenye safu,” akasema Titus.

“Mie niko chini ya barabara,” akasema Orm, akalifunga jicho. “Walipitisha barabara.”

Watu wawili watatu walicheka kidogo. Desmond akasubiri wanyamaze. “Asanteni, wazee. Hilo haliko kwenye ajenda.” Akamgeukia Wilf, na sauti yake ilikuwa ya huruma ya kweli, jambo hilo lazima lisemwe. “Sote tunakuonea uchungu. Lakini tukikuachia wewe, kesho wa Toronto atasema naye aachiwe. Kanuni ni yako. Uliiandika vizuri mno, Wilf. Nimeitafutia mwanya usiku na mchana sikuuona.”

“Sheria ni msumeno, mpenzi,” akasema Beryl, akamshika begani. “Na kumfukua Doreen tukamsogeza haifai, maskini. Ila nje ya ukuta, upande wa kaskazini, nafasi ziko tele. Tunaweza kukata hayo majani.”

“Hilo ni pendekezo?” akauliza Desmond.

“Ndiyo, ni pendekezo.”

“Nani anaunga mkono?”

Likaungwa mkono. Wanaotaka kanuni ibaki kama ilivyo, na ndugu Wilfred atengewe nafasi nje ya ukuta, wanyooshe mikono. Kuhesabu mikono ni kazi ya katibu, kwa hiyo Wilf aliihesabu. Ilikuwa thelathini na minane. Waliopinga hakuna, maana katibu alikuwa na kalamu mkono mmoja na daftari mkono wa pili, na Titus aliandikwa kama mgeni, na mgeni hapigi kura. Akaandika: limepita bila kupingwa. Akapiga mstari chini kwa rula. Aliona mkono wake ukiandika na hakuhisi kitu, kama jino lililodungwa ganzi. Kikao kikaendelea na suala la unyevu kwenye ukuta wa jiko.

Baada ya dua ya kufunga, Titus alimchukua nje, wakauzunguka ukuta mpaka upande wa kaskazini. Jua lilikuwa bado juu. Majani yalikuwa yamefika kiunoni. Titus aliyakanyaga kwa mazoea mpaka mahali ambapo mawe matatu yalikuwa yameporomoka zamani, na ukuta ulikuwa umeshuka usawa wa kifua.

“Hapa ndipo pangu,” akasema. “Hannah yuko pale, chini ya mti wa pili. Ukisema kawaida anasikia. Huwa hajibu kila siku.”

“Miaka yote hiyo,” akasema Wilf. “Mtu anazoea?”

“Hapana.”

Wilf akaweka mikono juu ya ukuta, akatazama ndani. Safu ya akina Ormsgarth ilikuwa upande wa pili kabisa, karibu na lango, na jiwe la Doreen lilikuwa la mwisho.

“Kwako wewe ni mbali,” Titus akasema. “Itabidi upaze sauti.”

Wilf akajaribu mara moja. Waliokuwa wakitoka ukumbini na mabaki ya keki waligeuka, wakamwona, na kwa heshima wakatazama pembeni.