Mkungu Uliokatazwa Maji

Mimi si mtu wa kufichaficha: Nanjala aliponijia na habari za mchango wa miti, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ni mpangaji wangu wa juu, msichana wa Bungoma, anasomea miti chuo kikuu. Fedha za utafiti wake hazikupatikana, basi akaamua kuwachangisha watu kwa simu. Mustansir wa duka la rangi akamwuliza, "Mti wenyewe umefiwa ama unaozwa?" Maana sisi Mji wa Kale mchango twaujua wa harusi na wa matanga, basi.

Lakini ana ulimi mtoto yule! Alitueleza kwamba joto limezidi, mvua haziji tena kwa wakati, na hakuna ajuaye ni miti gani ya mji itakayostahimili. Kila atakayechanga atapewa mti wake, ufungwe mkanda wa kupima unene. Tukachanga. Mustansir akapata mwarobaini wa Ganjoni, akawa anautaja kama mjukuu wake. Mimi nikapewa mkungu ulio mlangoni pangu, alioupanda mamangu.

"Sharti ni moja tu, Bi Mejumaa," Nanjala akasema. "Usiutie maji. Ukiutia, vipimo vya mti huu ni bure, na mchango wa watu umepotea."

"Ala! Kwani mimi mtoto?"

Kaskazi ikaingia na jua la kuchoma. Mvua, hakuna. Mkungu ukaanza kupukutisha majani si wakati wake. Kila asubuhi nafagia. Mahamri yangu nauzia chini ya kivuli kile kile, nacho chapungua, wateja wanakimbia jua. Nikamwambia Nanjala, "Mti wa mamangu ukifa, utanitambua." Akainamisha kichwa, akapanda zake juu.

Alfajiri moja nikashindwa. Nikajaza ndoo, nikafungua mlango polepole. Lo! Nimwone nani pale shinani? Nanjala, na jagi la maji amelishika kwa mikono miwili, machozi yamtoka.

"We mwana we! Wataka kufanya nini?"

"Siwezi kuuangalia ukifa, Mama. Nitaufuta kwenye utafiti."

Wallahi nilipandwa na hasira, hata ndoo yangu mwenyewe nikaisahau. Ufutwe? Mti wa mamangu uteseke kiasi hiki, kisha ufutwe? Nikamnyang'anya jagi, nikayanywa maji yote palepale mlangoni, mengine yakanirowesha dera. Naye akaitazama ndoo yangu, akacheka huku analia.

"Pima," nikamwambia.

Akauinamia mkanda, akausoma.

"Umekonda, Mama."

Nikauwekea mkono ule mti. Koo lilikuwa limenikauka, na maji yote yale niliyokunywa.

"Andika," nikasema. "Andika hivyo hivyo."