Ndege Hupimwa Tupu

Abdulrahim, fundi wa injini za maboti pale Diani, alikuwa amenunua ndege isiyo na injini. Hivyo ndivyo mama yake, Bi Twaiba, alivyowaeleza majirani, kisha akanyamaza ili wacheke vizuri.

Ilikuwa ya kuelea kwa upepo tu. Ilitoka Ujerumani ndani ya kontena, na sasa ilikaa bandani kando ya kiwanja cha ndege, ikingoja kusajiliwa na kupewa cheti cha kuruka. Kilichobaki ni kupimwa uzito tu. Mkaguzi, Concepta, alikuwa amekuja kwa siku hiyo moja. Uzito usipolingana na makaratasi ya kiwandani, ndege ingelala bandani mpaka mwakani.

Walipima. Ikazidi.

"Hii ndege imekula nini?" aliuliza Concepta.

Abdulrahim alipapasa nyuma ya kiti, akatoa nazi. Akatoa nyingine. "Mama!"

"Mgeni haonyeshwi chombo kitupu," alisema Bi Twaiba. "Utanitia aibu."

"Shikamoo, Mama," alisema Concepta kwa upole. "Lakini ndege hupimwa tupu."

"Marahaba, mwanangu. Kwetu hata sahani ya jirani hairudi tupu, sembuse ndege?"

Walipima tena. Mkia ukazidi: ndani mlikuwa na mkate wa sinia, ungali moto. Mara ya tatu walikuta fenesi kitini, limefungwa mkanda.

Abdulrahim alitaka kulia. Concepta aliitazama saa yake, kisha akaitazama mikono ya Bi Twaiba, ambayo haikuwa na kazi.

"Mama, nisaidie. Shika ncha ya bawa hapa, lisilale. Kwa vidole tu, usiinue wala usikandamize. Na usiachilie mpaka nikuambie mimi mwenyewe."

Bi Twaiba akashika, amekakamaa kama askari wa gwaride.

Uzito ukalingana. Concepta akatia saini, akabebeshwa fenesi, akakimbilia teksi asije akachelewa ndege yake ya Nairobi. Abdulrahim alikibusu cheti, akarukaruka bandani kama mtoto siku ya Idi, kisha akaja kuifunika ndege yake.

"Mama, achilia. Tumemaliza."

"Kwani wewe ndiwe mkaguzi?"

"Ameshaondoka, Mama!"

"Basi mpigie simu. Mwambie aseme upesi, mkono wa kushoto waanza kufa ganzi."

Abdulrahim alipiga. Simu ilikuwa imezimwa. Mkaguzi alikuwa tayari angani.

Akaenda kumtafutia mama yake kiti.