Nyani katika Behewa la Godefroid

Watu wa mtaa wa Kamalondo walimwita Bwana Vervloet jina la Mate, wala hawakumwonea. Alipofungua kitabu alikilamba kidole chake chote, akakibandika kwenye pembe ya ukurasa, akageuza, kisha akalamba tena. Godefroid Mwape alilisikia jina hilo kabla ya kumwona mwenyewe. Mzungu huyo alipoingia uani kwake mara ya kwanza, macho ya Godefroid yalikwenda moja kwa moja kwenye kile kidole kilicholowa.

Godefroid alikuwa fundi katika karakana ya reli ya Élisabethville, mtu wa makamo, msafi kupita kiasi. Alipotoka kazini hakugusa mlango wala mtoto kabla ya kusugua grisi mikononi kwa mchanga na sabuni. Marehemu baba yake alikuwa ametandika mataruma ya reli hiyohiyo enzi za mwanzo, na Godefroid alikua akiamini kwamba hakuna kazi iliyo bora kuliko ya treni. Ndiyo maana, watu wengine walipokwenda kwenye baa siku za mapumziko, yeye alikaa chini ya kibanda cha bati nyuma ya nyumba, akijenga reli ndogo.

Ilikuwa kazi ya miaka. Injini ilitokana na makopo ya maziwa na ya sadini, na ndani yake mlikuwa na springi ya saa ya kengele iliyokufa. Reli zilikuwa vyuma vya mapipa vilivyokatwa vyembamba. Alijenga daraja, stesheni, mnara wa maji, hata vile vichuguu vikubwa vya mchwa unavyoviona ukitoka mjini. Katika behewa la daraja la tatu alikalisha abiria aliowachonga kwa mti wa mulombwa. Mmoja alikuwa baba yake na kofia yake pana. Mwingine alikuwa mkewe, Régine, na kikapu magotini.

Alikusanya pia vitabu vya reli. Alianza siku alipomkuta Mgriki mwenye duka akichana kitabu cha michoro ya injini ili afungie samaki wakavu. Godefroid alikiomba kilichobaki, akakianika juani wiki nzima, na bado kilinuka samaki. Vingine alivipata kwa Wazungu waliokuwa wakirudi kwao na kutupa walichoshindwa kubeba. Régine alilalamika kwamba rafu ya vitabu ilikuwa imekula mahali pa sufuria.

"Bitabu bitakupikia bukari?" alimwuliza, akisonga ugali.

"Hapana, mama. Lakini bukari hainionyeshe namna ya kufunga breki."

Bwana Vervloet alikuwa mkuu wa ofisi ya burudani za Weusi. Alisikia habari za reli hiyo, akaja na sanduku zima la vitabu: majarida ya reli yaliyojalidiwa kwa ngozi, yenye michoro ya kukunjua iliyofika urefu wa meza. Godefroid alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuyagusa. Kisha Vervloet akaanza kumwonyesha kurasa. Kidole mdomoni, kidole ukurasani. Pembe za kurasa zilikuwa zimeshakuwa za kahawia, zimekakamaa kama kitambaa cha mafua.

"Hii yako," alisema Vervloet kwa kile Kiswahili cha jikoni walichokipenda Wazungu. "Matabishi, zawadi. Weye nanipatia ile treni kidogo, mimi natia ndani ya ekspozisio. Bantu yote taona."

Godefroid alijibu kwa Kifaransa kizuri, kile alichofundishwa na mapadri, kwamba ni heshima kubwa kwake. Vervloet hakubadili lugha. Alimpiga begani, akaondoka. Usiku ule Godefroid alifuta kurasa moja moja kwa kitambaa chenye siki, akajiambia kwamba kitabu ni kitabu tu, hakina kosa kwa mdomo wa aliyekimiliki.

Lori likaja kuchukua mbao alizopigilia reli zake, likazipeleka kwenye ukumbi wa mjini. Asubuhi ya ufunguzi wa maonyesho Godefroid alivaa koti lake jeusi na tai, akapaka viatu rangi. Vervloet alimpokea mlangoni, akamtazama kuanzia kwenye tai hadi viatuni, akakunja uso. Alimwingiza kwenye chumba cha nyuma na kumrushia kitu kifuani.

Ilikuwa sketi ya majani makavu. Ilikuwa imevaliwa na wengi kabla yake. Kiunoni majani yalikuwa meusi kwa jasho la watu, na ilitoa harufu ya mbuzi aliyenyeshewa. Kitu kidogo chenye miguu kilitoka kwenye pindo, kikatembea juu ya tai ya Godefroid.

"Toa koti. Toa viatu. Vaa hii, ikala chini pembeni ya treni."

"Monsieur, mimi ni fundi wa karakana," Godefroid alisema kwa Kifaransa. "Hata babu yangu kule Lukafu hakuwahi kuvaa kitu kama hiki. Kwa nini nikivae mimi?"

Kwa mara ya kwanza Vervloet alimjibu kwa Kifaransa, tena kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa yake. "Ukivaa koti, wageni wataona karani aliyeiga kitu kitabuni. Ukivaa hiki, wataona maajabu. Elewa, ni kwa faida yako."

Alipokuwa akisema, tone la mate lilimrukia Godefroid mdomoni. Godefroid hakulifuta mbele yake. Aliiweka sketi juu ya kiti, taratibu, kwa ncha za vidole viwili.

"Basi nitachukua reli yangu, niende nayo nyumbani."

"Reli itabaki. Weye enda."

Askari wawili walikuwa mlangoni. Godefroid alitoka. Alivuka barabara, akafika kwenye mfereji, akatapika chai ya asubuhi mpaka machozi yakamtoka. Nyumbani alimsimulia Régine kila kitu. Régine hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza tu siku gani Weusi wataruhusiwa kuingia.

Ilikuwa Jumapili alasiri. Walikwenda pamoja, Régine akiwa amejifunga vikwembe viwili vya maua vya kufanana, kama wanawake walivyofanya wakienda kwenye harusi. Ukumbi ulijaa watu wa Kamalondo waliotoka misa. Walijisukuma mpaka kwenye meza ya reli, na hapo Godefroid alimwona mtu ameketi sakafuni, amevaa ile sketi, amepakwa chokaa usoni.

Alikuwa Kapya. Kapya alikuwa kibarua wa karakana, mtu mpole aliyebeba makaa na kumwita Godefroid yaya, yaani kaka, ingawa hawakuwa ndugu. Hakuwahi kushika hata koleo la kubania bati.

"Kapya," Godefroid aliita.

Kapya aliinua uso, akauficha tena. "Yaya, balinambia weye uko mugonjwa sana. Balisema nikikatala, treni yako batatupa."

Ukutani palikuwa na kibao cha Kifaransa. Régine hakujua kusoma. "Basemaje pale?" aliuliza.

Godefroid alimsomea polepole, akitafsiri, na kila neno lilimjaa mdomoni kama nyama iliyooza. "Kazi ya mtu wa porini asiyejua kusoma. Aliliona gari la moshi mara moja, akaliiga kwa takataka za Wazungu."

Vijana waliokuwa nyuma yake wakimcheka Kapya waliacha kucheka.

Ndipo alipoitazama reli yenyewe. Wageni Wazungu walikuwa wamezima sigara kwenye vichuguu vya mchwa. Mtu alikuwa amebandika ubani uliotafunwa juu ya mnara wa maji, na alama za meno zilikuwa bado zinaonekana. Maji ya mto chini ya daraja, aliyoyatengeneza kwa vipande vya kioo, yalikuwa yamefunikwa na kohozi la njano lililoanza kukauka pembeni. Katika behewa la daraja la tatu abiria wake hawakuwamo. Mahali pao walikuwa wameketi nyani wa madini ya risasi, wale wanaochezewa na watoto, mmoja amevishwa kofia pana iliyochongwa kwa mti.

Kofia ya baba yake. Walikuwa wameivunja kutoka kichwani na kuigandisha juu ya nyani.

"Bale bantu beko wapi?" Godefroid alimwuliza Kapya. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Kapya alionyesha kwa kidevu. Chini ya meza kulikuwa na kopo la majivu. Godefroid aliingiza mkono ndani ya majivu, vichungi vya sigara na mate ya watu, akawatoa mmoja mmoja. Régine wa mti alikuwa ameungua upande mmoja wa uso. Baba hakuwa na kichwa.

Régine wa kweli aliwapokea kwenye kiganja. "Tuende," alisema. "Kapya, simama tuende."

"Mama, shiwezi. Suruali yangu iko ndani ya kabati ya Bwana. Alifunga na funguo, juu nisitembee."

Régine alifungua kikwembe chake cha juu, akakizungusha kiunoni kwa Kapya mbele ya umati wote, yeye akabaki na kile cha ndani. Chini yake Kapya aliitoa ile sketi. Kiunoni mwake ngozi ilikuwa imefanya mapele mekundu, na mengine yalikuwa yanatoa maji. Godefroid alivua koti lake jeusi, akamvika. Kisha aliwachomoa nyani wote kwenye behewa na kuwapanga juu ya kiti kilichokuwa pembeni, kimeandikwa jina la Vervloet. Aliichukua injini, akaiweka kwapani, na kuacha mbao, daraja, stesheni na kila kitu kilichobaki.

Mlangoni askari mmoja alitaka kuwazuia. Mama mmoja mwenye sauti kubwa alimwambia kwamba akimgusa mtu yule atamshtaki kwa mama yake mzazi, jirani yake wa mtaa mmoja. Askari alisogea. Njiani wako waliocheka kumwona Kapya na kikwembe cha maua. Hilo haliwezi kufichwa. Kapya alitembea akitazama ardhi mpaka walipofika.

Jioni ile Godefroid alijaribu kufungua kimoja cha vitabu vya lile sanduku. Mkono ulikataa. Aliona pembe zile za kahawia, na siki yote aliyozisugulia haikuwa imesaidia kitu. Alifunga sanduku kwa kamba.

Kesho yake saa za chakula cha mchana alilisukuma kwa toroli mpaka nyumba ya Vervloet. Mzungu huyo alikuwa barazani na wageni wake, wanaume wawili na mke wa mmoja wao, wakinywa bia kabla ya kula. Godefroid alipanda ngazi bila kuitwa, akalishusha sanduku katikati ya meza, kati ya glasi.

"Nini hii?" alisema Vervloet. "Hii matabishi yangu kwako."

Godefroid alisema kwa Kifaransa, taratibu, ili yule mwanamke naye asikie vizuri: "Nakurudishia, Monsieur. Nilidhani uchafu wake unasafika. Umevilamba sana. Mtu mwenye mikono safi hawezi kuvisoma."

Mwanamke aliitazama pembe ya kitabu cha juu, akauondoa mkono wake mezani. Vervloet alisimama, uso umeiva kama pilipili, akanyoosha kile kidole kuelekea lango. Kilikuwa kimelowa bado, maana alikuwa akisoma gazeti.

Godefroid aliyalipia maneno hayo. Haikupita wiki akatolewa kwenye mashine na kupelekwa kuzoa majivu ya injini, kazi ya vibarua. Kapya alifukuzwa kabisa, akahamia Katuba, ambako nyumba zilikuwa ndiyo kwanza zinajengwa, akawa anafyatua matofali. Maonyesho yalipokwisha, mbao za reli zilitupwa nyuma ya ukumbi. Godefroid alipita akaziona zimevimba kwa mvua, na watu wa ukumbini walikuwa wanakojolea hapo. Hakuokota hata msumari. Kwa miezi mingi hakutaka kusikia habari za kuchonga wala kulehemu. Injini ilikaa juu ya rafu, imefunikwa na kitambaa, na hata filimbi ya treni ya kweli ilimfanya ateme mate chini.

Kapya ndiye aliyemwanzisha tena. Alimwalika Katuba, akamwonyesha chumba cha pili cha nyumba yake, kitupu, sakafu yake ya udongo imesiribwa vizuri.

"Yaya, shijue kazi ile," alisema. "Balinikalisha pale pembeni siku zote, nikaona haya juu shikujua hata jina ya kintu kimoja. Nataka unifundishe."

Godefroid alipima urefu wa chumba kwa hatua zake, akarudi mlangoni. Mwishowe aliuliza kama kuna koleo. Kapya alikuwa tayari ameshanunua.

Walianza na stesheni. Kapya alikuwa na mikono mizito, akaharibu mabati mengi, lakini alichonga vizuri kuliko mwalimu wake, na watu wake walikuwa na sura za kuchekesha ambazo Régine alizitambua mara moja: jirani huyu, padri yule. Vitabu vya Godefroid vilihamia huko taratibu, vile alivyovipata mwenyewe tu.

Baada ya Vervloet kurudi kwao, mrithi wake kazini alikuja Katuba na kamera shingoni. Alikuwa kijana mwenye adabu, akabisha hodi, akasema ameambiwa kuna treni ndogo ya ajabu sana na angependa kuiona. Godefroid alimfungulia mlango kiasi cha kutoa kichwa. Alimtazama usoni, kisha mikononi. Mikono ilikuwa safi.

"Hapana, Monsieur," alisema. "Tuko kazini."

Akafunga mlango. Ndani Kapya alikuwa amepiga magoti, akigombana na Régine kama daraja lipite kushoto au kulia kwa mnara wa maji, na kila mmoja alimwita aje aamue.