Faini Iliyoandikwa Juu ya Mfereji

Jumanne saa kumi alasiri, konstebo Wietske Bruinsma alisimama na baiskeli yake ya kazi kwenye daraja moja mjini Groningen. Tangu mchana alikuwa amekamata vijana tisa kwa kosa la kutumia simu huku wakiendesha baiskeli. Wa kumi alikuja mbio: binti mwenye sanduku la chakula la rangi ya chungwa mgongoni, macho yamezama kwenye simu.

Wietske akapuliza filimbi. Binti hakuinua macho. Gurudumu la mbele likaachana na lami, la nyuma likafuata, akapita juu ya kofia ya Wietske huku akikanyaga pedeli.

"Wameanza tena hawa," alisema muuza samaki wa kukaanga, akifunika karai lake ili matope ya magurudumu yasilidondokee.

Wietske akamwita sajenti Sjoerd kwa redio.

"Magurudumu yanagusa barabara?" aliuliza Sjoerd.

"Hayagusi."

"Basi achana naye. Sheria inasema barabarani."

"Wa juzi aliinua macho akiwa juu, akaporomoka, akavunjika nyonga. Huyu naye nimwache?"

Hakungoja jibu. Alipanda baiskeli, akatoa simu ya kazi, akafungua fomu ya faini, akakaza macho kwenye skrini na kukanyaga kwa nguvu zote. Alipofika kwenye "jina la mkosaji" alikuwa tayari juu ya miti. Upepo ukamjaa kwenye koti. Mfereji ukapita chini yake, na mashua zake, na bata. Moyo ulimdunda kama wa mtoto aliyeachiwa baiskeli kwa mara ya kwanza.

"Simama, binti!"

"Nikisimama naanguka, afande!"

"Basi punguza mwendo!"

Akamfikia juu ya mapaa ya soko. Wakaenda sambamba, kila mmoja akikodolea simu yake.

"Jina?"

"Fenna Wiersema. Miaka kumi na saba."

"Hujui ni kosa?"

"Najua sana. Lakini oda ya chakula ikiingia, kampuni inanipa sekunde ishirini kujibu. Nikichelewa mara tatu, wiki nzima sipati kazi. Sasa nikuogope wewe au niwaogope wao?"

"Waambie hao mabosi wako."

"Nani? Sijawahi kumwona hata mmoja."

Wietske alitafuta kwenye fomu mahali pa kuandika kampuni. Hapakuwapo. Akamwandikia Fenna faini. Simu ya Fenna ikalia. Akaijibu kabla faini haijamfikia, akakata kona kwenye mnara wa kanisa, akatoweka.

Wietske alishuka taratibu, akisoma kanuni za idara kwenye simu hadi magurudumu yalipogusa lami. Jioni alimuuliza Sjoerd kuhusu kampuni.

"Kampuni haina baiskeli, Wietske. Haina hata mkono wa kushikia simu. Nitaishtaki kwa lipi?"

Jumatatu iliyofuata sheria ilirekebishwa: barabara sasa inahesabiwa hadi ncha ya mnara wa kanisa. Wietske alipewa koti zito na glavu. Kufikia saa sita alikuwa ameandika faini kumi na moja, zote kwa watoto wenye masanduku ya rangi ya chungwa, na alipomwona wa kumi na mbili akipaa nyuma ya stesheni, alifungua fomu mpya, akacheka peke yake kwa raha aliyoionea haya, akamfuata.