Marehemu wa Majaribio

Hasira zangu zinajulikana kuanzia Ruiru hadi Ngoingwa, kwa hivyo wacha niseme mapema: kosa lilikuwa langu. Dalmas, mwenzangu wa kazi, alinionya. Alisimama nyuma ya kiti changu na kikombe cha chai, akasoma nilichoandika kwenye kompyuta, akasema, "Ciku, mtu akiwa hai haandikwi hivyo. Kwetu hiyo ni kumwitia kifo."

"Kwetu ni data ya majaribio," nikamjibu. "Kunywa chai."

Tulikuwa tumetengeneza app ya kamati za matanga. Mtu akifariki, katibu anaandika jina la marehemu, siku ya mazishi na mahali pa kukutana, halafu app inawatumia jamaa na marafiki wote meseji kwa mpigo mmoja. Saa tano asubuhi wazee wa chama kimoja cha kusaidiana walikuwa waje ofisini kwetu Ruiru kuiona ikifanya kazi, kwa Android na kwa aifoni. Mwenyekiti wao alikuwa ametuambia wazi kwamba hataki kuonyeshwa majina ya katuni. Anataka tangazo linalofanana na tangazo.

Basi nilihitaji marehemu. Nikamweka baba yangu.

Mzee Wanyoike wa Kalimoni. Miaka minne hatukuwa tumesemezana, tangu siku aliyowagawia ndugu zangu wawili shamba la Murera na mimi nikapewa blanketi. Blanketi! Eti msichana ataolewa. Nilisimama mbele ya ukoo mzima nikasema kuanzia leo sina baba, nikaondoka hata chai sijamaliza. Kwa hivyo nilipoandika "Marehemu Mzee Wanyoike", sikusita. Nilisema moyoni, angalau leo atanifaa.

Upande wa Android ulikuwa tayari tangu jana yake. Meseji zilikuwa zinatokea kwenye skrini tu, haziendi popote, kwa sababu kulikuwa na faili ndogo ya mipangilio inayoiambia app kwamba haya ni majaribio. Aifoni ndiyo ilinitesa. Kila nikijenga app kutoka kwa code, yale maandishi ya programu, inakwama katikati na kunitupia maandishi mekundu. Saa mbili hivyo, saa tatu hivyo. Nikatembea kutoka dirishani hadi mlangoni, nikarudi, nikakaa, nikasimama tena. Dalmas akaniambia nitulie, nikamwambia atulie yeye. Mwishowe nikafuta kila kitu kwenye kompyuta, nikachukua code upya kutoka mahali tunapoihifadhi, nikaanza mwanzo. Ikajengeka. Saa nne kasorobo ikafunguka kwenye aifoni yangu ya mtumba, ikaniuliza kama naruhusu isome namba za watu wangu. Nikaruhusu. Nikabonyeza Tuma.

Skrini ikaandika: Meseji 143 zimetumwa.

"Poa sana," nikasema. "Inafanya kazi."

Dalmas akaacha kutafuna mandazi. "Ile faili ya mipangilio umeirudisha?"

Faili ile hatuihifadhi pamoja na code, kwa sababu ina nywila zetu. Nilipofuta kila kitu, niliifuta nayo. Na app isipoikuta, haijui kama ni majaribio. Inafanya kazi yake.

Simu yangu ikalia kabla sijamjibu. Alikuwa Tata Idah, dada ya baba, na hakuwa anaongea, alikuwa analia. "Ciku! Ciku wee! Na jana tu tulikuwa naye akinunua mbegu ya viazi!"

"Tata, ngoja kwanza, si kweli, ni app ya—"

"Nakuja na watu wa hapa Ngoingwa wote," akasema, akakata.

Woi, Ngai. Nikampigia baba. Namba yake nilikuwa bado nayo. Sikuwahi kuifuta, sijui kwa nini. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Nikapiga tena. Hapatikani. Mara ya tano, hapatikani.

"Enda," Dalmas akasema. "Wazee nitawapokea mimi."

"Na demo?"

"Demo imeshafanyika, Ciku. Kaunti nzima imeiona."

Ningemtupia kikombe, lakini nilikuwa tayari kwenye ngazi. Nikapanda boda, nikamwambia Kalimoni, na asiniulize bei. Njiani nikawaandikia wote meseji nyingine: Tafadhali puuzeni, Mzee yuko hai, lilikuwa kosa. Majibu yakaanza kuingia. "Pole mpenzi, ni mshtuko." "Hata mimi nilikataa hivyo mama alipotuacha, utakubali polepole." Mmoja akanitumia zaburi. Nikapiga kelele peke yangu nyuma ya boda, yule kijana akadhani namwambia asimame.

Na hapatikani ikaendelea kuwa hapatikani. Baba hazimi simu, hata kanisani. Mzee wa miaka sabini na sita, tangu mama afariki anaishi peke yake, na ndugu zangu wote wako Nairobi. Nikaanza kuhesabu: ameanguka bafuni, ameanguka kwa ng'ombe, ameisoma ile meseji moyo ukasimama. Mambo ya kumwitia mtu kifo nilikuwa nayacheka tangu nikiwa shule. Siku hiyo sikucheka. Niliogopa, na niseme tu vile ilivyokuwa, niliogopa kama mtoto. Nilijiambia, ukimkuta hai hutamgombeza tena. Halafu nikaona hapo ninadanganya, nikaomba tu nimkute hai.

Langoni kulikuwa na pikapu inashusha vyuma vya hema. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye nyasi na pakiti zao za sukari na majani chai, na waliponiona wakanyamaza wote. Katunge, jirani yetu, ambaye hanyamazi hata kwenye maombi, alinishika mkono bila kutabasamu.

"Yuko ndani," akasema. "Enda umwone."

Sijui nilivyofika mlangoni.

Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, amevaa gambuti zenye matope, simu mkononi. Mzima. Nikashika fremu ya mlango nikalia kwa sauti, na ile hasira ikaja hapo hapo juu ya machozi. "Mbona umezima simu, Baba?"

"Watu walikuwa wananipigia kuniuliza nazikwa lini," akasema. "Keti, maitũ."

Maitũ ni mama. Mimi nimepewa jina la mama yake, na huniita hivyo tangu nizaliwe. Nikaketi. Nikaanza kueleza, app, aifoni, faili, maneno yakigongana, naye akanisikiliza hadi nikaishiwa.

"Na mambo ya shamba sijasahau," nikaongeza, kwa sababu ndivyo nilivyo.

"Nani amekuambia usahau?"

Akawasha simu, akaishika mbali na uso, akatafuta ile meseji kwa kidole kimoja. "Hapa pameandikwa 'baba mpendwa wa Ciku'. Hilo 'mpendwa' uliliandika wewe, au ni mashine?"

Ningeweza kumdanganya. "Ni mashine, Baba. Inawawekea wote."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeuliza bei akaambiwa ile aliyoitarajia. Nje Katunge alikuwa anawaambia watu hata kama hakuna matanga, chai imeiva, wasiende na njaa.

"Mimi miwani yangu huwa kabatini," akasema. "Meseji ikiingia naona giza giza tu, naiacha. Lakini mwanzo wa hii, panapoonyesha imetoka kwa nani, kuna jina lako, kwa herufi kubwa; miaka minne sijaliona hapo. Hilo nililisoma bila miwani. Nikaacha ng'ombe hivyo hivyo, nikaja nikatafuta miwani, nikatoka nje kwenye jua ili niisome, nisije nikaruka neno."