Kitu cha Kusimamisha Pampu

"Na kitu gani kikitokea, pampu inafaa isimame yenyewe?"

Nzuki, mtunza pampu, aliitazama kalamu ya injinia Mwanahamisi badala ya kumtazama usoni. Kalamu hiyo ilikuwa na njaa. Tangu asubuhi ilikuwa imekula kila neno lake. Pampu inawashwa saa kumi na mbili. Inazimwa saa sita. Tangi likijaa mapema, inazimwa mapema. Yote yalipangwa kwa namba kama amri za Musa, ila hizi zilikuwa zimefika kumi na saba.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna kabisa? Baba, kisanduku nitakachounda cha kuendesha pampu ni kijinga kuliko mbuzi. Mbuzi akiona shimo, anakwepa. Hiki kitafanya tu yale nitakayokiandikia hapa."

"Andika masaa sita bila kusimama," alidakia Mwangangi, mwenyekiti wa kamati ya maji, ambaye tumbo lake lilikuwa limeingia kwenye chumba cha pampu kabla yake. "Rejista si hiyo? Miaka kumi na minne, masaa sita kila siku. Hata jua halina nidhamu hivyo!"

Rejista ilisema hivyo kweli. Nzuki ndiye aliyeiandika, na ndiye peke yake aliyejua ni uongo.

Kila mwaka, kuanzia Agosti, maji ya kisima cha Ikutha hushuka chini ya pampu. Bomba hutetemeka kidogo chini ya kiganja, kisha pampu hukohoa. Hapo Nzuki huzima, huketi juu ya debe nusu saa kisima kikusanye maji, halafu huwasha tena. Asipozima, pampu huzunguka kavu mpaka iungue. Lakini Mbuvi, aliyeitunza kabla yake, alifukuzwa na kamati hii hii kwa kuizima "kwa uvivu", na sasa anauza makaa Makindu. Basi Nzuki aliandika sita, kwa mwandiko safi wa shule ya misheni.

Leo ilikuwa Mei, mwaka wa tisini na moja, na kisima kilikuwa kimeshiba mvua. Pampu ilinguruma kwa adabu ya kijana aliyeenda kuposa.

"Baba," injinia alisema polepole, "kila baada ya muda unashika hilo bomba. Unatafuta nini?"

Mkono uliruka kama umeungua.

"Anaota moto!" Mwangangi alicheka. "Uzee huo. Ndiyo maana tunaleta mashine."

Nzuki naye alicheka. Akapewa karatasi ya zile amri kumi na saba, akatia sahihi.

Kisanduku kilifika Septemba. Mafundi walikifunga ukutani, wakatia kufuli mlangoni mwa chumba cha pampu, na Nzuki akaachiwa kazi ya kuchunga foleni.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, pampu ilikohoa.

"Nzuki!" aliita Kalunde, wa kwanza kwenye foleni. "Mwambie bibi yako mpya aende hospitali, atatuambukiza!"

Wanawake waliangua kicheko. Nzuki hakucheka. Aliweka jicho kwenye ufa wa mlango: taa ya kijani ilikuwa inawaka, imetulia. Pampu ilikuwa imebakisha masaa matatu.

"Ufunguo uko wapi?" Kalunde aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mfukoni mwa mwenyekiti. Na mwenyekiti yuko mjini Wote kwa mkutano."

Pampu ilikohoa tena, kwa muda mrefu zaidi. Maji mengine ya karibu yalikuwa mto Tiva, na Tiva mwezi huo ulikuwa mchanga mtupu.

"Labda ndivyo inavyofanya kazi," alisema mwingine. "Wewe unajuaje iko mbaya?"

Nzuki aliinama, akaokota jiwe.

"Nilikuwa naizima," alisema. "Kila mwaka. Naandika sita, na nilikuwa naizima."

Hakuna aliyemwambia piga. Hakuna aliyemwambia acha. Alisimama mbele ya kufuli, jiwe juu ya bega, na nyuma yake maji yalikuwa yamekonda kama uzi, mekundu, yakiingia kwenye mtungi wa Kalunde bila sauti.